Mlo wa Kupika Nyumbani na Chakula cha Kusindikwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Kaya

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mabadiliko ya mtindo wa maisha, hususan mijini, yamebadili kwa kiasi kikubwa namna familia za Kitanzania zinavyopata mlo. Mfanyakazi anayeshuka kwenye daladala saa moja usiku hupita kwanza kwenye banda la chipsi, kisha kwenye duka lenye tambi za pakiti, soseji, biskuti na juisi za boksi, kabla ya kufika nyumbani ambako maharage yanasubiri saa mbili za moto na mkaa wa kutosha. Uamuzi anaoufanya hapo huonekana mdogo. Hata hivyo, unaporudiwa siku baada ya siku, hugusa ukuaji wa watoto, bajeti ya kaya na hatimaye gharama za matibabu.

Makala haya yanaeleza tofauti kati ya mlo unaoandaliwa nyumbani na vyakula vya viwandani vilivyo tayari kuliwa, na yanatoa mwongozo kwa mwananchi anayetaka kufanya uchaguzi bora kulingana na uwezo wake. Ifahamike tangu mwanzo kwamba si kila chakula kilichopita kiwandani kina madhara, na si kila chakula kinachopikwa nyumbani ni bora. Lipo kundi mahsusi la vyakula linalopaswa kupunguzwa, na kaya nyingi hushindwa kulipunguza kwa sababu ya uhaba wa muda na nishati ya kupikia kuliko kwa kukosa elimu.

Nini maana ya kusindika

Kusindika chakula ni jambo la kale katika jamii zetu. Kukausha dagaa, kugandisha maziwa, kuandaa makopa ya muhogo na kukoboa mpunga ni aina za usindikaji, na bila hizo vyakula vingi visingedumu hadi msimu mwingine. Hivyo basi, neno kusindikwa peke yake halitoshi kumwambia mlaji iwapo chakula kinafaa au hakifai.

Ili kuondoa mkanganyiko huo, mwaka 2009 Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazil alipendekeza kugawa vyakula kwa kuangalia kiwango na madhumuni ya usindikaji. Mfumo huo, unaojulikana kama NOVA, una makundi manne. Kundi la kwanza ni vyakula vya asili au vilivyosindikwa kidogo, kama vile mchicha, mayai, samaki, maziwa, mchele na maharage makavu. La pili ni viungo vya kupikia kama mafuta, chumvi na sukari. La tatu ni vyakula vilivyosindikwa kwa njia rahisi, kama samaki wa kopo au mkate wa kawaida usio na viungo vingi.

Kundi la nne ni vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Hivi hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha wanga, mafuta, sukari na protini zilizochujwa kutoka katika mazao, kisha huongezwa rangi, ladha na viambata ambavyo havipatikani katika jiko la nyumbani. Humo zimo soda, juisi zenye ladha na rangi za kutengenezwa, soseji nyingi, tambi za haraka, vitafunwa vya pakiti na biskuti nyingi. Kundi hili ndilo linalojadiliwa zaidi katika makala haya.

Ni muhimu kutambua kuwa wali maharage wa mama lishe haumo katika kundi la nne. Ni chakula kilichopikwa kwa viungo halisi, ingawa kimenunuliwa. Kwa upande mwingine, soseji iliyokaangwa jikoni kwako inabaki kuwa chakula kilichosindikwa kupita kiasi, ingawa imepikwa nyumbani.

Mzigo wa pande mbili

Tanzania inakabiliwa kwa wakati mmoja na lishe duni na ulaji uliopitiliza. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu. Kiwango hicho kimepungua kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16, lakini bado ni kikubwa.

Wakati huohuo, uzito uliozidi na kiribatumbo vimeongezeka. Miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na wakafikia asilimia 28 mwaka 2015/16. Utafiti wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulibaini kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Utafiti huo ulibaini pia kuwa zaidi ya watu tisa kati ya kumi hawakuwa wakila mboga na matunda kwa kiwango kinachopendekezwa.

Hali hizi mbili zinaweza kukutana chini ya paa moja. Mtoto anayeshiba kwa biskuti na juisi ya pakiti hupata nishati, lakini hukosa protini, madini na vitamini za kumjenga. Mzazi anayekula mlo wenye mafuta na chumvi nyingi kila jioni huongezeka uzito, ilhali mwili wake una upungufu wa madini chuma.

Kwa nini vyakula hivi vina madhara

Sababu ya kwanza ni kiasi cha chumvi, sukari na mafuta. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima asitumie zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Kuhusu sukari inayoongezwa, WHO linapendekeza isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana ishushwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai takribani 12. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa. Mtu aliyekunywa soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko viwili vya sukari kila kimoja amekwisha kuvuka kiwango hicho kabla ya chakula cha jioni.

Sababu ya pili ni namna vyakula hivyo vinavyomfanya mlaji ale zaidi. Mwaka 2019, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu wazima 20 waliokaa katika kituo cha utafiti kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vilivyosindikwa kidogo. Milo iliyoandaliwa ilikuwa na nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zinazolingana, na kila mshiriki aliruhusiwa kula hadi ashibe. Walipokula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, washiriki walikula wastani wa kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka takribani kilo 0.9. Walipokula vile vilivyosindikwa kidogo, walipungua kwa kiasi kama hicho. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, lakini jaribio hilo lilionesha kuwa tatizo haliishii kwenye sukari na mafuta peke yake. Vyakula hivyo ni laini, huliwa haraka, na mlaji huvipita kabla ya mwili kutoa ishara ya kushiba.

Sababu ya tatu inahusu nyama zilizosindikwa kama soseji. Mwaka 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, likieleza kuwa kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takribani asilimia 18. Tahadhari hii haina maana kwamba soseji moja kwenye sherehe ni hatari, bali inalenga mazoea ya kila siku.

Usindikaji wenye manufaa

Pamoja na hayo, upo usindikaji unaookoa afya na ambao wananchi wanahimizwa kuutumia. Chumvi yenye madini joto huzuia uvimbe wa tezi ya shingo na matatizo ya ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kanuni za urutubishaji wa chakula za mwaka 2011 ziliweka msingi wa kuongeza virutubisho, vikiwemo madini chuma na foliki asidi katika unga, na vitamini A katika mafuta ya kula. Maziwa yaliyochemshwa na kufungashwa vizuri ni salama zaidi kuliko maziwa mabichi ambayo hayajulikani yametoka wapi. Mwananchi anapochagua kupika nyumbani asiviache vyakula hivi, kwani ni sehemu ya mlo bora.

Kulinganisha gharama

Wapo wanaoamini kuwa chakula cha haraka ni nafuu. Ili kupata ukweli, kaya inashauriwa kufanya hesabu kwa bei za soko lake: jumlisha gharama ya viungo na nishati ya kupikia, kisha gawanya kwa idadi ya walaji. Kilo moja ya maharage makavu, kwa mfano, hufikia zaidi ya kilo mbili baada ya kuiva, na huweza kutumika kwa milo kadhaa. Fedha hiyohiyo ikitumika kununua chipsi za watu wanne hutoa mlo mmoja usio na mboga wala protini ya kutosha.

Hesabu hii hubadilika kwa mtu anayeishi peke yake. Kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya sahani moja kunaweza kugharimu zaidi ya kununua wali na maharage kwa mama lishe. Kwa mtu huyo, kununua mlo uliopikwa kwa viungo halisi ni uamuzi sahihi, ilimradi aangalie usafi na aombe mboga za majani.

Muda na nishati ya kupikia

Muda na nishati ndivyo vinavyoamua kwa kiasi kikubwa kama kaya itapika au itanunua. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo kwa kawaida huelezwa kwa faida zake kwa misitu na kwa afya ya mapafu. Una faida nyingine kwa lishe: jiko linalowaka papo hapo linampa mzazi aliyechelewa kurudi sababu ya kupika.

Kwa kaya zenye umeme, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, bila mtu kukaa kuchochea moto. Kwa zinazotumia gesi, sufuria ya presha hupunguza muda kwa kiwango kikubwa. Kaya ambazo bado zinatumia mkaa au kuni zinaweza kuanza na hatua zisizo na gharama: kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea, kufunika sufuria wakati wa kupika, na kutumia jiko banifu.

Maandalizi ya wiki pia husaidia. Kaya yenye friji inaweza kupika maharage mengi siku ya mapumziko, kuyagawa katika vyombo vidogo na kuyagandisha. Jumatatu yakawa mchuzi wa nazi kwa wali, Jumatano yakachanganywa na mahindi yaliyochemshwa kuwa makande. Siku ya katikati ikawa ugali, dagaa na mchicha, mlo unaoweza kukamilika ndani ya dakika 40. Kaya isiyo na friji inaweza kutunza vyakula vikavu vilivyokwisha kuandaliwa, kama dagaa waliochambuliwa, karanga zilizosagwa na mboga zilizokaushwa, ambavyo hupunguza kazi ya jioni.

Ni vyema ikaeleweka pia kwamba kupika si jukumu la mama peke yake. Mama anayefanya kazi au biashara kutwa, kisha akaachiwa jiko lote, hana budi kutafuta njia ya mkato. Baba akichambua dagaa na kijana akakata mboga, muda wa kupika hupungua na chakula cha pakiti hukosa nafasi.

Kupika bila kupoteza virutubisho

Mlo wa nyumbani hupoteza thamani yake ukiandaliwa vibaya. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, kwani zikikatwa kwanza sehemu ya vitamini huondoka na maji. Zipikwe kwa muda mfupi na kwa maji kidogo. Mafuta kidogo au karanga huusaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo katika mchicha, matembele na karoti. Nyanya, limau au chungwa katika mlo huongeza ufyonzaji wa madini chuma yatokanayo na mimea, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huupunguza. Unga wa dona hubakiza kiini na pumba, hivyo una virutubisho vingi kuliko sembe ambayo haikurutubishwa.

Chumvi ipimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kwa makadirio, na isiwekwe mezani. Wanaotumia viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi wakumbuke kuwa vingi vina chumvi nyingi, hivyo chumvi ya sufuriani ipunguzwe. Vitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili na limau huongeza ladha bila kuongeza chumvi. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi hadi yakawa meusi yasitumike tena.

Usalama wa chakula nyumbani

WHO linasisitiza kanuni tano: kudumisha usafi, kutenganisha vyakula vibichi na vilivyoiva, kupika hadi kuiva kabisa, kutunza chakula katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Chakula kilichoiva kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili. Kilichohifadhiwa kwenye friji kipashwe moto hadi kitoe mvuke sehemu zote.

Tahadhari maalumu inahitajika kwa mahindi na karanga. Sumukuvu, ambayo ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondolewi kwa kupika. Kinga yake ni kukausha mazao vizuri, kuyahifadhi pasipo unyevu na kutupa punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi.

Kusoma lebo kabla ya kununua

Mnunuzi wa chakula cha pakiti anapaswa kukagua mambo manne. Kwanza, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo pia lenye jukumu la kusimamia usalama wa chakula. Pili, tarehe ya mwisho wa matumizi. Tatu, orodha ya viambato, ambavyo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari au mafuta yakiwa miongoni mwa vitatu vya mwanzo, bidhaa hiyo isiwe ya kila siku. Nne, kiasi cha sodiamu.

Sodiamu huzidishwa kwa 2.5 ili kupata kiasi cha chumvi. Tuseme pakiti ya tambi inaonesha miligramu 900 za sodiamu kwa mlo mmoja. Hiyo ni sawa na miligramu 2,250, yaani gramu 2.25 za chumvi, karibu nusu ya kiwango cha siku nzima cha mtu mzima. Kwa mtoto, ambaye kiwango chake ni kidogo zaidi, uzito wa jambo hili ni mkubwa.

Watoto kwanza

Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, kisha huanzishiwa vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unaeleza kuwa watoto wa miezi 6 hadi 23 hawapaswi kupewa vinywaji vyenye sukari wala vyakula vyenye sukari na chumvi nyingi. Ladha anayozoeshwa mtoto katika umri huu humfuata ukubwani. Viazi vitamu, magimbi, yai la kuchemsha, parachichi au ndizi ni vitafunwa vinavyopatikana katika maeneo mengi nchini, na vinafaa kuwekwa kwenye mkoba wa shule badala ya biskuti na juisi ya rangi.

Kwa ushauri zaidi

Wananchi wanaweza kupata ushauri wa lishe katika vituo vya kutolea huduma za afya, kwa maafisa lishe wa halmashauri, na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hupimwa hali ya lishe na wazazi huelekezwa namna ya kuandaa chakula. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 1973, hutoa miongozo na machapisho kwa lugha ya Kiswahili. Watu wenye kisukari, shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa figo wanashauriwa kumwona mtaalamu kabla ya kubadili mlo.

Kaya inayotaka kuanza haihitaji kubadili kila kitu kwa siku moja. Inaweza kuanza na jioni mbili kwa wiki zilizokuwa za chipsi na soda, ikaziwekea maharage yaliyolowekwa tangu usiku uliopita, mboga za majani na maji safi ya kunywa. Jioni hizo zikishazoeleka, kuongeza ya tatu huwa rahisi.